Mtoto huharisha mvua ikianza, mto hupimwa jua likiwaka

Mama akimleta mtoto anayeharisha, maswali ya kwanza tunayomuuliza yanajulikana. Ameanza lini? Anakwenda chooni mara ngapi kwa siku? Kuna damu? Anatapika? Bado ananyonya? Kisha tunafika kwenye maji: mnachota wapi, mnachemsha? Hapo mama wengi hutazama chini, nasi tuliovaa makoti meupe huona tumempata mwenye kosa. Tunamwambia achemshe maji, tunampa ORS na vidonge vya zinki, tunamwita anayefuata kwenye foleni.

Kuna swali moja ambalo mimi mwenyewe kwa miaka mingi sikuliuliza: kwenu mvua kubwa ya kwanza ilinyesha lini?

Linasikika kama swali la bwana shamba, lakini ni la daktari. Si kuharisha kote kunakofuata mvua. Kule kunakoletwa na virusi vya rota, kwa mfano, kuna misimu yake. Lakini kuharisha kunakotokana na kinyesi kilichoingia kwenye maji kunaifuata mvua kama mkia unavyomfuata ng'ombe. Wanaolijua jambo hili vizuri kuliko sisi madaktari ni watu ambao mgonjwa hakutani nao hata siku moja: wale wanaopima mito. Wiki hii nataka nieleze wanafanya nini, kwa sababu naamini kazi yao inapotelea njiani kabla haijafika zahanati, na wanaoumia ni watoto wa chini ya miaka mitano.

Tuanze na neno bonde. Kwa mwanasayansi wa maji, bonde la mto ni ardhi yote ambayo mvua ikinyesha juu yake, maji yake huishia kwenye mto mmoja. Fikiria karai. Mwaga maji popote ndani yake, hata ukingoni kabisa, yataishia chini katikati. Tanzania imegawanywa katika mabonde tisa ya maji, na mojawapo ni Wami/Ruvu. Mto Ruvu unaanzia kwenye milima ya Uluguru mkoani Morogoro, unapokea vijito na mito kama Mgeta na Ngerengere, unakatiza Pwani na kuingia baharini karibu na Bagamoyo. Njiani unanyonywa na mitambo miwili inayolisha Dar es Salaam: Ruvu Juu, yenye uwezo wa lita milioni 196 kwa siku, na Ruvu Chini, yenye uwezo wa lita milioni 270.

Kwa hiyo mkazi wa Kimara au Mbezi anayefungua bomba anakunywa mvua iliyonyesha juu ya mashamba ya kabichi ya Mgeta. Kati ya shamba lile na kikombe chake kuna ng'ombe wanaonyweshwa, kuna vyoo vya shimo, kuna mji mzima wa Morogoro ambao Ngerengere inapita ndani yake, na kuna watu wanaochota moja kwa moja mtoni bila mtambo wowote. Hao wa mwisho ndio wenye hatari kubwa zaidi, na ndio wasiotajwa tunapozungumzia maji ya Dar.

Sasa, mto unapimwaje? Kwanza kiasi cha maji. Ukivuka daraja la mto mkubwa, tazama chini kwenye nguzo au ukingoni. Mara nyingi utaona ubao mrefu uliochorwa namba kama rula ya shule. Kuna mtu wa kijiji hapo, analipwa kidogo, kazi yake ni kwenda kusoma namba hiyo kila siku na kuiandika kwenye daftari. Siku hizi vipo pia vifaa vinavyojisomea vyenyewe na kutuma taarifa kwa simu. Mara kwa mara wataalamu huja na kifaa chenye pangaboi dogo, wanakizamisha sehemu mbalimbali za mto ili kujua kasi ya maji, wanapima upana na kina, kisha wanazidisha. Wakishafanya hivyo mara nyingi, mto ukiwa umejaa na ukiwa umepungua, wanaweza kuutazama ubao tu na kusema: leo zinapita lita kadhaa kila sekunde. Kijito kidogo unaweza kukipima hata kwa chungwa: litupe majini, hesabu sekunde linazotumia kufika mita kumi, kumbuka kupunguza kidogo kwa sababu maji ya juu huenda haraka kuliko ya chini. Nimewahi kuona watoto wa shule wakilifanya hilo kwa raha kuliko somo lolote la hesabu.

Halafu inakuja sehemu inayowahusu wagonjwa. Ukijua lita ngapi zinapita kwa sekunde, na ukijua katika kila lita kuna uchafu kiasi gani, unapata jumla ya mzigo ambao mto umeubeba. Wanasayansi walipoanza kuupima mzigo huo waligundua jambo ambalo lingepaswa kubandikwa kwenye ukuta wa kila zahanati: mto haugawi kazi yake sawasawa kwa siku za mwaka. Sehemu kubwa ya tope na uchafu wa mwaka mzima husafiri katika siku chache tu, pengine saa chache, mvua kubwa inaponyesha.

Mfano mzuri uko hapo hapo Uluguru. Tarehe 23 Februari 1970, mvua ya takriban milimita 100 ilinyesha Mgeta kwa muda wa saa tatu hivi. Watafiti Paul Temple na Anders Rapp, waliokuwa wakichunguza mmomonyoko kwenye milima ile, walikwenda kuhesabu madhara. Walikuta maporomoko ya ardhi zaidi ya 1,000. Karibu yote yalikuwa kwenye miteremko iliyolimwa au yenye nyasi tu; penye miti yalikuwa machache mno. Yote hayo yalitokea alasiri moja. Mtu ambaye angepima maji ya mto ule wiki moja kabla na mwezi mmoja baadaye, angeandika kwenye ripoti yake kwamba mto uko sawa.

Tope lenyewe si ugonjwa. Shida ni abiria wake. Miezi ya kiangazi kinyesi cha mifugo na cha watu kinalala juu ya ardhi, vichakani, kandokando ya njia, kwenye mitaro. Mvua ya kwanza yenye nguvu inakisomba chote kwa mkupuo. Na mijini tunaongeza la kwetu. Kila mkazi wa Dar anajua maana ya kutapisha choo: mtu anasubiri mvua inyeshe usiku, anatoboa karo au anafungulia choo chake, mkondo unabeba. Gari la kunyonya majitaka lina gharama, mvua ni bure. Asubuhi watoto wanacheza kwenye dimbwi lile lile, na bomba la plastiki lililopasuka limelala ndani yake.

Kupima kinyesi kwenye maji kuna taratibu zake. Mpimaji anaingia mtoni akiwa ameelekea maji yanakotoka, anazamisha chupa iliyochemshwa ikauawa vijidudu, hagusi mdomo wake. Anaiweka kwenye boksi la barafu. Inatakiwa ifike maabara ndani ya saa sita hivi, isizidi siku moja, maana bakteria wakikaa njiani hufa au huzaliana, na majibu yanakuwa ya uongo. Maabara wanayachuja maji kwenye utando wenye matundu madogo kuliko bakteria, wanauweka utando huo juu ya chakula cha bakteria ndani ya kabati lenye joto la nyuzi 44, wanasubiri mpaka kesho yake, kisha wanahesabu vidoa vilivyoota. Kila kidoa ni ukoo wa bakteria mmoja. Wanayemtafuta ni E. koli, anayeishi kwenye utumbo wa watu na wanyama. Aina zake nyingi hazina madhara. Lakini dalili ya mvua ni mawingu: akionekana yeye, ujue kinyesi kimepita hapo, na pamoja na kinyesi huenda wapo wa kipindupindu, wa homa ya matumbo na wa kuhara damu. Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka asionekane hata mmoja katika mililita 100, ambazo hazijazi hata nusu ya kikombe cha chai.

Hesabu mwenyewe muda huo. Gari litoke Morogoro mjini, lipande mlimani, lirudi kabla barafu haijayeyuka, kisha siku nzima ya kusubiri. Majibu yakitoka, maji yale yalishanywewa jana. Ndiyo maana wanaojua kazi hii hawasubiri vidoa. Wanatazama mvua, wanatazama ubao wa daraja na wanapima tope, vitu vitatu vinavyoweza kujulikana ndani ya dakika moja. Maji yakipanda ghafla na kugeuka rangi, wanachukulia kwamba vijidudu vimeshafika.

Wazo kwamba ugonjwa wako unategemea umechota sehemu gani ya mto si geni. Mwaka 1854, kipindupindu kilipoisumbua London, daktari John Snow alilinganisha wateja wa kampuni mbili za maji zilizouza katika mitaa ile ile, nyumba kwa nyumba. Zote zilichota Mto Thames. Moja, Southwark and Vauxhall, ilichota ndani ya jiji, pale majitaka ya jiji yalipomwagwa. Nyingine, Lambeth, ilikuwa imehamisha mdomo wa bomba lake mwaka 1852 na kuupeleka juu zaidi ya mto, kabla mto haujafika jijini. Katika wiki saba za kwanza za mlipuko, Snow alihesabu vifo 315 kwa kila nyumba 10,000 zilizopata maji ya kampuni ya kwanza, na vifo 37 kwa kila nyumba 10,000 za ile ya pili. Hewa ya mtaa ilikuwa ile ile, na majirani waligawana ukuta. Kilichotofautiana ni mahali kwenye mto. Wakati huo hakuna daktari aliyemlaumu mama kwa kutochemsha, kwa kuwa hata chanzo cha ugonjwa chenyewe walikuwa wakibishania.

Lakini kisa ninachokirudia mara nyingi ninapozungumza na wauguzi ni cha karibu zaidi, cha Mei 2000, katika mji mdogo wa Walkerton, jimbo la Ontario, Kanada. Mji ulitumia visima. Kimoja, kisima namba 5, kilikuwa kifupi na karibu na shamba la ng'ombe. Mvua kubwa zilinyesha siku kadhaa mfululizo, na kufikia tarehe 12 samadi ilikuwa imepenya hadi kwenye maji ya kisima. Klorini iliyotiwa haikutosha, na waliopaswa kuipima kila siku walikuwa na mazoea ya kujiandikia namba daftarini bila kupima.

Maabara ilipima sampuli na kukuta E. koli. Majibu yalitoka tarehe 17. Yalipelekwa kwa msimamizi wa maji wa mji peke yake, na huyo alikaa kimya. Tarehe 18, daktari wa watoto katika mji jirani wa Owen Sound alipokea watoto wawili wanaoharisha damu, wote wa eneo la Walkerton. Siku iliyofuata akapiga simu idara ya afya. Idara ikauliza kuhusu maji, ikaambiwa maji ni salama. Tangazo la kuchemsha maji lilitolewa tarehe 21, na idara ililitoa kwa kukisia, kabla haijayaona majibu ambayo yalikuwa yamekaa mezani kwa siku nne. Watu saba walifariki na takriban 2,300 waliugua. Uchunguzi wa serikali haukumkuta na hatia mwenye ng'ombe; alikuwa ameitunza samadi yake kama ilivyoelekezwa.

Ona mambo mawili hapo. Mvua ilijulikana na kila mtu. Na majibu ya maabara yalikuwepo, ila yalikwenda kwa mtu mwenye bomba badala ya mtu mwenye wagonjwa.

Hapa ndipo nina ugomvi na utaratibu wa kupima mito, kokote duniani na kwetu pia. Sampuli nyingi huchukuliwa kwa kalenda: mara moja kwa mwezi, au kwa robo mwaka, siku gari lina mafuta na barabara inapitika. Siku barabara inapitika ni siku ambayo mvua hainyeshi. Bila mtu yeyote kudanganya, tunajikuta na madaftari yaliyojaa maji ya siku za jua, kisha tunashangaa mbona mto ni mzuri kwenye ripoti na wodi imejaa. Ni sawa na mimi kumpima homa mtoto wa malaria saa zile tu ambazo homa imeshuka, kisha nimwandikie mama yake kwamba mwanawe mzima.

Ninachotaka ni mvua ndiyo iwe ratiba. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari ya mvua kubwa, na watu wameanza kuzisikiliza. Tahadhari hiyo hiyo ingekuwa amri kwa wapima maji watoke: sampuli wakati mto unapanda, nyingine ukiwa juu, nyingine unaposhuka. Na pale wasipoweza kufika, msoma ubao wa kijijini apewe bomba la plastiki la kupimia tope. Ni kitu rahisi mno: bomba linaloona, chini limechorwa msalaba mweusi, unamimina maji hadi msalaba upotee machoni, unasoma umefika urefu gani. Apige simu. Simu hiyo ifike bodi ya bonde, ifike mamlaka ya maji, na siku hiyo hiyo ifike kwa bwana afya wa kata na zahanati zilizo chini ya mto. Redio ya wilaya iseme: mto umechafuka, siku tatu hizi kila tone linaloingia mdomoni mwa mtoto litibiwe.

Nimeshaambiwa kwamba tutawatia watu hofu. Mama wa Kisaki au Mvuha anaona kwa macho yake mto umegeuka rangi ya ugoro. Hofu anayo tayari, anachokosa ni neno la kitaalamu la kumsaidia kuamua atumie mkaa wake kwa kipi leo. Nimeambiwa pia hakuna fedha. Hilo ni kweli kwa maabara kubwa, lakini si kweli kwa bomba la plastiki na muda wa simu. Na dripu za wiki moja ya kipindupindu nazo hununuliwa kwa fedha.

Kuna wanaosema dawa ni kulinda kingo, na mimi nakubaliana nao. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Yeyote aliyepita kando ya mto wowote wa nchi hii anajua mita hizo 60 ziko wapi: chini ya mchicha na mahindi. Kumwondoa mkulima bila kumpa pengine pa kulima ni kumpeleka tu ajifiche juu zaidi mlimani. Jambo hilo litachukua miaka. Watoto wa vuli hii hawana miaka hiyo.

Nisiwe mtu wa mvua tu. Kiangazi nacho kina madhara yake. Mwishoni mwa mwaka 2022 Ruvu ilipungua mpaka Dar ikaingia kwenye mgawo. Mto ukipungua, uchafu ule ule unaingia kwenye maji machache. Bomba likikaa tupu, presha inaondoka, na penye ufa linavuta ndani maji machafu yaliyolizunguka. Watu wanageukia visima vifupi vilivyo karibu na vyoo na maboza wasiyojua yamechota wapi. Mlipuko wa kipindupindu wa mwaka 2015 ulianza Dar es Salaam mwezi Agosti, si msimu wa masika wala wa vuli. Kwa hiyo maji ya kwanza kutoka bombani baada ya mgawo yafulie au yadekie, usimpe mtoto.

Na kuna uchafu ambao kuchemsha hakuuondoi kabisa. Kwenye mito na chemchemi zinazotoka Mlima Meru, ambako mto mmoja unaitwa Maji ya Chai, maji yanapita kwenye miamba ya volkano na kubeba madini ya floraidi. WHO inashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na sehemu nyingi huko yanazidi mno. Mtoto anayeyanywa tangu utotoni meno yake ya kudumu huota na madoa ya kahawia, na yakizidi sana mifupa ya miguu hupinda. Ukichemsha maji hayo, mvuke unaondoka, floraidi inabaki, tena ikiwa imekolea zaidi. Huko dawa ni kubadilisha chanzo au kuyachuja, na Kituo cha Utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi kwa miaka kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Wapima mto ndio waliogundua kwamba chemchemi mbili zilizo jirani zinaweza kutofautiana sana, moja ikafaa na nyingine isifae. Hiyo nayo ni habari inayopaswa kubandikwa zahanati, si kukaa kwenye ripoti.

Wakati tunasubiri hayo yote, hiki ndicho unachoweza kufanya nyumbani, na kipimo chake cha kwanza kiko mkononi mwako. Chukua chupa ya plastiki isiyo na rangi, ya lita moja au moja na nusu, itoe karatasi yake, ijaze maji unayotaka kutumia. Isimamishe juu ya kichwa cha habari cha gazeti hili. Tazama kwa juu, kupitia mdomo wa chupa, chini hadi kwenye maandishi. Kama herufi kubwa zinasomeka, tope si kubwa. Kama hazisomeki, dawa ya klorini peke yake haitakufaa, kwa sababu tope linaila klorini na vijidudu vinajificha nyuma ya chembe za udongo.

Maji ya namna hiyo yaache yatulie usiku kucha kwenye ndoo yenye mfuniko. Shabu au unga wa mbegu za mlonge husaidia tope kushuka. Mimina ya juu taratibu, yachuje kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara kadhaa. Usikidharau kitambaa: huko Bangladesh wanawake waliochuja maji kwa sari kuukuu zilizokunjwa walipunguza kipindupindu kwa karibu nusu. Lakini usiishie hapo. Baada ya kuchuja chemsha, au tia dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake na usubiri nusu saa. Kuhusu kuchemsha, wazazi wengi wameambiwa dakika kumi au ishirini, wakaona bei ya mkaa, wakaacha kabisa. Maji yakishatokota kwelikweli, mapovu makubwa yakipanda kutoka chini ya sufuria, vijidudu vimekufa. Epua, funika, yaache yapoe humo humo. Ukiwa na mgonjwa mwenye kinga ndogo nyumbani, au mtoto mwenye utapiamlo, chagua kuchemsha kuliko klorini, kwa kuwa kuna vimelea kama kriptosporidia ambavyo klorini haiviui. Ndivyo vilivyougua watu takriban 403,000 mjini Milwaukee, Marekani, mwaka 1993, wakati ambapo maji ya bomba yenye klorini yalikuwa na tope zaidi ya kawaida.

Mtoto akianza kuharisha, usimnyime ziwa wala chakula. Mpe ORS, pakiti moja kwenye lita moja ya maji yaliyotibiwa, kidogo kidogo kila anapoharisha, na zinki kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. Pakiti zikikosekana, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, kwenye lita moja. Ukiona macho yamebonyea, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, choo kina damu au ni kama maji ya mchele, au mtoto amelegea hawezi kunywa, usisubiri asubuhi, mpeleke kituoni. Na ukifika, mwambie daktari kwenu mvua ilinyesha lini na maji mnachota wapi, hata kama hajakuuliza.